Guatemala: Milima, Masoko na Watu Waliorudi Nyumbani

Mwezi huu tunawaalika kwenye safari ndefu isiyohitaji nauli wala kibali cha kutoka kambini. Simameni mbele ya ramani ya dunia, vukeni bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, mfike pale ambapo bara la Amerika linakuwa jembamba kama shingo. Chini kidogo ya Meksiko mtaiona Guatemala. Ukubwa wake ni karibu mara 4 ya Burundi.

Kwenye vitabu vingi Wamaya wa huko wameandikwa kama taifa lililopotea msituni. Kumbe sivyo. Wapo mamilioni, wanalima, wanauza sokoni, na lugha zao zinazungumzwa mpaka leo. Tena maelfu kwa maelfu yao waliishi miaka mingi kambini, kama sisi. Ndiyo maana tumeichagua nchi hii.

Nyanda za juu

Tuanzie Antigua, mji mkuu wa zamani uliojengwa na Wahispania. Mwaka 1773 tetemeko la ardhi liliubomoa, na mwaka 1776 serikali ikahamishia makao yake mahali palipo mji wa Guatemala wa sasa. Makanisa yaliyovunjika bado yamesimama bila paa. Karibu yake kuna mlima Fuego, jina ambalo kwa Kihispania maana yake ni moto. Mwaka 2018 ulilipuka, majivu ya moto yakafunika vijiji na watu wengi sana wakafa. Ndugu zetu wa Goma, walioona Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, wanajua tunasema nini.

Tukipanda zaidi tunafika ziwa Atitlán, lililozungukwa na volkano 3. Watu huvuka kwa boti kutoka kijiji hadi kijiji. Mashamba ya mahindi na kahawa yamepanda mpaka kwenye miteremko mikali. Kina mama huvaa blauzi ya kufumwa kwa mkono, inaitwa huipil. Mfumaji hufunga upande mmoja wa nyuzi kwenye mti na upande wa pili kiunoni, kisha anakaa chini na kufuma. Kila kijiji kina rangi na maua yake, kwa hiyo mtu anayejua akiiangalia blauzi tu anaweza kukwambia mama huyo ametoka wapi.

Siku ya soko

Soko linalojulikana zaidi ni la Chichicastenango, kila Alhamisi na Jumapili. Watu hufika kwa mabasi yaliyokuwa ya wanafunzi huko Marekani, sasa yamepakwa rangi za kila aina, mizigo ikifungwa juu. Kuna maharage, pilipili, kuku wazima, vitambaa, vyungu na maua. Bei ni ya kupatana, wala hakuna anayeona haya.

Pembeni ya soko kuna kanisa la Santo Tomás, lililojengwa na Wahispania katika miaka ya 1500. Kwenye ngazi zake Wamaya huchoma ubani na kuwaombea wazee wao waliotangulia. Katika mji huu, mwanzoni mwa miaka ya 1700, padri Francisco Ximénez alinakili kitabu cha Popol Vuh, chenye habari za kale za Wamaya wa kabila la K'iche'. Kitabu kinasema waumbaji walijaribu kutengeneza mtu kwa udongo, akayeyuka. Wakajaribu mti, akawa hana moyo. Mwisho wakatumia unga wa mahindi, ndipo akapatikana mtu kamili.

Hapo tusicheke, maana mahindi tunayosonga ugali kila siku asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Yalifika Afrika baada ya Wazungu kuvuka bahari miaka ya 1500. Wamaya huyachemsha na chokaa kwanza, wakayasaga na kupika chapati nyembamba, inaitwa tortilla.

Magofu

Kaskazini kidogo ya soko hilo kuna magofu ya Q'umarkaj, uliokuwa mji mkuu wa K'iche'. Mhispania Pedro de Alvarado aliuchoma mwaka 1524. Leo ni vilima vya mawe na nyasi, lakini watu bado wanakwenda kusali hapo.

Mbali zaidi, katika msitu wa tambarare za Petén, kuna Tikal. Hekalu lake refu kuliko yote lina mita karibu 65, nalo lilijengwa bila chuma wala mnyama wa kubeba mzigo. Wenyeji wake waliuacha mji huo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wataalamu wanataja ukame na vita. Mji ulikufa, watu hawakuisha.

Watoto, jaribuni hesabu yao: nukta ni 1, mstari ni 5. Kwa hiyo mistari 2 na nukta 3 ni 13. Hata sifuri walikuwa nayo.

Waliokimbia

Sasa tuje kwenye jambo lililotugusa. Kuanzia mwaka 1960 mpaka 1996 Guatemala ilikuwa na vita vya ndani. Tume ya ukweli ilisema mwaka 1999 kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotea. Katika kila watu 100 waliotambuliwa, 83 walikuwa Wamaya, na makosa mengi mno yalifanywa na jeshi la serikali na wasaidizi wake. Mkoa wa Quiché, uleule wenye soko tulilotembelea, ndio ulioumia zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walivuka mpaka kuingia Meksiko. Walioandikishwa na UNHCR walikuwa kama 46,000, na wengine wengi hawakuandikishwa. Shule za kambini zilifundishwa na vijana wakimbizi wenyewe, ambao walijifunza ualimu huku wakifundisha. Sisi walimu wa kujitolea tuliposoma hapo tulitazamana.

Mwaka 1987 wakimbizi walichagua wajumbe wao wa kuzungumzia kurudi. Mwaka 1990 kina mama walianzisha chama chao, Mamá Maquín. Tarehe 8 Oktoba 1992 serikali ilitia sahihi masharti ya wakimbizi: kurudi kwa hiari na kwa pamoja, kusindikizwa, uhuru wa kutembea na kuunda vyama, na kupata ardhi. Tarehe 20 Januari 1993 msafara wa kwanza, watu karibu 2,500, ukaingia nchini. Mpaka mwaka 1999 walikuwa wamerudi zaidi ya 40,000. Wengine walichagua kubaki Meksiko na kupewa uraia.

Tusidanganyane, haikuwa rahisi. Wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine. Mwaka 1995, katika kijiji cha waliorudi kiitwacho Xamán, askari waliua watu 11. Na kina mama waliopigania ardhi wakiwa kambini, waliporudi wengi wao walisukumwa nyuma. Haya tunayaandika kwa sababu anayewaza kurudi anahitaji habari kamili, nzuri na mbaya.

Lakini tumeona jambo moja. Wale watu hawakungoja siku ya kurudi ndipo waanze kujipanga. Walichagua wajumbe, wakafundisha watoto, wakazungumza lugha zao, wakijua mwacha asili ni mtumwa. Masharti yaliandikwa wakiwa bado kambini.

Ya kuzungumza nyumbani

Watoto: waulizeni babu na bibi majina ya milima, mito na masoko ya kwetu. Yaandikeni kwenye daftari pamoja na siku za soko.

Wazazi: kama mlikuwa na shamba, wasimulieni watoto mipaka yake na majirani wake. Mtoto aliyezaliwa hapa hawezi kuyajua asipoambiwa.

Watakaoleta majibu shuleni tutawasomea wenzao darasani.