FUNDI WA MIGUU YA BANDIA NAYE NI MTU WA HOSPITALI



Ukimwuliza mtu kijijini, "Hospitalini wanafanya kazi akina nani?" atakujibu upesi, "Daktari na nesi." Ni kweli, lakini si hao tu. Yupo anayepima damu. Yupo anayepiga picha za eksirei. Yupo anayetoa dawa. Na yupo fundi wa viungo bandia. Leo tumtazame fundi huyu. Wengi hatumjui, na kwa kutomjua tunapata hasara mbili.

Hasara ya kwanza ni ya mgonjwa. Mtu amekatwa mguu kwa ajali ya pikipiki, au kwa kidonda cha kisukari. Kidonda kimepona, amerudi nyumbani. Sasa anakaa kivulini kutwa, analetewa chakula. Watu wanasema, "Huyo basi tena, shamba limemshinda." Kumbe wengi wa watu hawa wanaweza kutembea tena.

Je, mguu wa bandia hutengenezwaje? Kwanza fundi hukifunga kigutu kwa bendeji ya plasta, ile ile anayofungwa mtu aliyevunjika mfupa. Ikikauka huivua, akapata umbo la kigutu. Ndani yake humimina plasta ya maji. Hiyo ikiganda, amepata mfano wa kigutu chenyewe. Huuchonga na kuulainisha kwa makini. Kisha hupasha moto plastiki ngumu mpaka ilegee, akaifunika juu ya mfano. Mashine hufyonza hewa, plastiki ikashika sawasawa. Hapo amepata kikombe cha kuingizia kigutu. Chini yake hufunga bomba na wayo.

Bado kazi haijaisha. Kikombe kikibana, kigutu kitachubuka. Mguu ukiwa mrefu kuliko mwenzake, mgongo utauma. Kwa hiyo mgonjwa hujaribu kutembea, na fundi hurekebisha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humfundisha kusimama na kupiga hatua. Mtoto hubadilishiwa mguu kila anapokua.

Hasara ya pili ni ya vijana wetu. Kijana akikosa nafasi ya udaktari, mzazi husema, "Basi, kusoma kwake kumekwisha." Sivyo, ndugu zangu! Hapa Tanzania kazi hii inafundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Chuo chake, TATCOT, kilianzishwa mwaka 1981, na wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma hapo. Inataka mtu mwenye kichwa cha kusoma na mikono ya fundi. Wasichana kwa wavulana wanaiweza.

Wazazi tufanye nini? Tusimwambie binti kwamba fizikia, kemia na baiolojia ni masomo ya wanaume. Hayo ndiyo mlango wa kazi nyingi za hospitali. Mtoto akimaliza kidato cha nne, nenda naye kwa mwalimu mkuu. Ulizeni mwongozo wa vyuo unaotolewa kila mwaka na baraza la vyuo, NACTVET. Msimpe mtu fedha njiani kwa ahadi ya nafasi.

Na kama nyumbani kwako yupo aliyekatwa mguu, usimfiche ndani. Mpeleke zahanati, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Sema wazi, "Tunamtafuta fundi wa viungo bandia." Kuuliza si ujinga.