Likasi: Kroshe ya mwaka mpya huko Kamatanda, mistari minne kwa juma yatosha

Bonane imepita, watoto wanarudi masomoni, na mvua ingali inanyesha juu ya Likasi. Katika nyumba za Kamatanda, huu ndio wakati mfuko wa uzi unashushwa tena kutoka juu ya kabati. Ndani yake mara nyingi mnalala kazi mbili tatu zilizoachwa njiani: mgongo wa triko ya mtoto usio na mikono, kitambaa cha meza kisicho na ukingo, soksi moja isiyo na mwenzake. Na pamoja na mfuko hutoka ahadi: mwaka huu kila kiti kitapata kitambaa chake, kila mtoto triko yake, na kingine kitauzwa.

Ahadi ya namna hiyo ndiyo inayojaza mfuko kila mwaka. Kwa kawaida haivunjwi na uvivu wala kukosa ufundi. Inavunjwa kwa sababu ilipimwa kwa siku ambazo mama wa Kamatanda hana. Lengo dogo, lililokatwa kwa kadiri ya mkono, mfuko wa pesa na mwanga wa jua, ndilo lina nafasi ya kufika mwezi wa 6, wakati baridi inapoingia na kitambaa cha joto kinahitajiwa kweli.

Mahali ambapo kila kitu kinapimwa kwa mfuko

Kamatanda inajulikana kwa shaba na kobalti. Wachimbaji wa mikono wanashuka mashimoni, mifuko inapandishwa, inapimwa na kununuliwa, na bei ya shaba inaamriwa mbali, kwenye soko la London. Wanawake wengi wanaishi kutokana na kazi hiyo hiyo: wengine wanaosha na kuchagua mawe, wengine wanapikia wachimbaji au kuwauzia maji na mikate. Pesa inaingia kwa siku, na kuna siku ambapo haiingii.

Katika maisha ya namna hiyo, lengo la "saa mbili kila jioni" huanguka katika juma la pili. Mtoto anaugua, umeme unakatika, minervale ya sekondari inadaiwa, au mgongo unauma tu baada ya kutwa nzima ya kuinama majini. Mama akikosa siku tatu anaona ameshindwa, na mfuko unarudi juu ya kabati. Kinachopotea hapo ni uzi uliokwisha kulipwa, na pia ile nusu saa ya siku ambayo ilikuwa yake mwenyewe.

Posho ya uzi

Katanga ina neno linalofaa hapa. Wazee wa Likasi bado wanaita Jumamosi "siku ya posho", kwa kuwa ndiyo siku ambayo familia za wafanyakazi zilikwenda kupokea chakula cha juma zima kutoka kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi makambini pamoja na wake na watoto wao. Pamoja na unga na samaki yalikuja pia mafunzo ya wanawake: kushona, kutia triko, kupiga pasi, kutunza mtoto mchanga. Watawa na wafanyakazi wa kijamii kutoka Ulaya ndio walioamua mama ajifunze nini.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Ilipoporomoka katika miaka ya 1990, posho na mafunzo vilipungua, na tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Ufundi wa mikono ulibaki nyumbani. Nyanya aliufundisha binti, binti akamfundisha mjukuu, na vitambaa vyeupe juu ya viti vya sebule na juu ya televizheni ni ushahidi wake.

Tofauti kubwa ni kwamba leo hakuna anayempimia mama posho ya kazi hiyo. Anaweza kujipimia mwenyewe. Posho ya juma ni kiasi kidogo, kinachojulikana, na ikiwa juma moja limekosa, juma linalofuata halidai deni.

Hesabu ya blanketi moja

Mfano wa blanketi la mtoto mchanga unaonyesha nguvu ya posho hiyo. Blanketi la mraba lenye sentimita 75 kila upande linamfunika mtoto vizuri. Kwa sindano ya milimita 4, uzi wa unene wa kati na kile kitanzi kirefu ambacho waliosoma kwa Kifaransa wanakiita "bride", mstari mmoja unapanda karibu sentimita moja. Blanketi zima ni kama mistari 75. Mkono uliozoea unamaliza mstari mmoja kwa robo saa hadi nusu saa.

Mama anayeanza siku za kwanza za mwaka na kufuma mistari minne kwa juma atafika nusu ya blanketi karibu tarehe 8 ya mwezi wa 3, Siku ya Wanawake. Atamaliza katikati ya mwezi wa 5, baada ya juma 19. Akipoteza juma nne nzima kwa ugonjwa, msiba au kazi ya shamba, bado atamaliza kabla ya katikati ya mwezi wa 6. Likasi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unauma. Blanketi litakuwa tayari kabla baridi haijakomaa.

Anayeweza mistari mitatu tu atamaliza mwisho wa mwezi wa 6. Amechelewa kidogo, lakini mtoto amefunikwa. Anayejiahidi mistari kumi kila siku angemaliza kwa juma moja na siku moja kama maisha yangemruhusu. Mara nyingi hayaruhusu, na blanketi linabaki na mistari 18 mpaka bonane nyingine.

Kuanza na mfuko wa zamani

Kabla ya kununua uzi mpya, lengo la kwanza la mwaka linaweza kuwa kumwaga mfuko mkekani na kuchagua. Kazi inayobakisha mistari michache inamalizwa kwanza. Triko ambayo mtoto amekwisha kuipita kwa ukubwa inaweza kumfaa mdogo wake au mtoto wa jirani. Na kazi ambayo mama mwenyewe hataki kuiona tena, inafumuliwa bila majuto. Uzi wake unazungushwa, unaoshwa, unaanikwa ukiwa na uzito mdogo ili unyooke, kisha unafungwa donge kwa kazi nyingine.

Triko nzee ya sokoni pia ni ghala la uzi, lakini kuna la kutazama. Ndani, kwenye mishono ya ubavuni, ukingo uliofumwa mzima utafumuka kuwa uzi mrefu. Ukingo uliokatwa na mashine na kushonewa juu utatoa vipande vifupi tu. Dakika moja ya kugeuza nguo ndani nje inaokoa pesa.

Kwa uzi mpya, wanawake wanne wa njia moja wanaweza kutumia likelemba, kama wanavyofanya kwa masufuria au kwa mtaji wa biashara. Kila juma mmoja anapata donge lake. Jambo la kuangalia ni rangi: uzi wa kazi moja ununuliwe kwa mara moja, au mistari ya rangi tofauti ipangwe tangu mwanzo, kwa kuwa donge la mwezi wa 1 na lile la mwezi wa 4 ni nadra kulingana sawasawa.

Mkono, macho na mwanga

Mikono iliyoosha mawe kutwa nzima inakuwa na ngozi kavu inayoshika uzi na kuutoa nyuzinyuzi. Kunawa kwa sabuni na kupaka mafuta kidogo, kisha kungoja yakauke, kunalinda kazi na vidole pia. Kifundo cha mkono kikiuma, mstari uachwe hapo hapo, hata katikati. Kroshe ina rehema hiyo: kitanzi ni kimoja tu juu ya sindano, na pini moja ya kawaida inatosha kukizuia mpaka kesho.

Umeme ukikatika, uzi mweusi au wa bluu nzito unachosha macho chini ya tochi. Kazi ya rangi nyeupe au ya njano ndiyo ya jioni, na ya rangi nzito ingoje mchana. Katika miezi hii ya mvua, mfuko wa plastiki uliofungwa unalinda uzi dhidi ya unyevu na vumbi jekundu.

Somo kutoka kwa Waayalandi

Likasi inawajua Waayalandi kwa vita vya mwezi wa 9 mwaka 1961, wakati askari wao wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa hapa, mji ulipoitwa bado Jadotville. Wachache wanajua kwamba nchi hiyo ina historia kubwa ya kroshe. Wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipooza mashambani, wanawake wa Cork na wa mji wa Clones walishika sindano ili wapate chakula. Huko Clones kazi iligawanywa: mmoja alifuma ua tu, mwingine jani tu, na mwingine akaviunganisha kuwa kola au gauni. Ua moja ni lengo ambalo hata mtu aliyechoka analifikia.

Historia hiyo ina onyo pia. Kitambaa kiliuzwa kwa matajiri wa mbali, na mitindo ilipogeuka, kipato kikapungua. Kwa mama wa Kamatanda anayetaka kuuza, njia ya upole ni kuahidi kile kilichokwisha kufumwa. Kofia tatu zilizo tayari zinauzika bila wasiwasi. Oda ya kofia ishirini kwa ajili ya harusi, na pesa ya awali ikiwa imekwisha kuliwa, inageuza starehe kuwa deni. Bei nayo ihesabu uzi na saa, si uzi peke yake.

Kwa asiyeuza, faida haikosekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, walichapisha mwaka 2020 majibu ya watu 8,391 wanaofuma kroshe katika nchi mbalimbali. Karibu 90 kwa mia walisema kroshe inawatuliza. Hao ni watu wanaoipenda tayari, na kroshe haiponyeshi kila mzigo, lakini mama anayehesabu vitanzi baada ya siku ya kelele anaelewa walichosema.

Lengo la mwaka mzima linaweza kuandikwa nyuma ya kikaratasi na kuwekwa ndani ya mfuko: kazi moja ya zamani kumalizwa, blanketi moja kabla ya baridi, mistari minne kwa juma. Kila siku ya posho, alama moja ya kalamu kwa kila mstari. Juma lisilo na alama liachwe hivyo hivyo, na Jumatatu sindano ichukue kitanzi palepale kilipoachwa.