Kwihara, Jirani Mkongwe wa Tabora
Kilomita chache kusini-magharibi mwa Tabora mjini ipo Kwihara, makazi ya pembezoni yaliyoitangulia reli. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu walijenga hapa matembe: kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vikizunguka ua, na mlango wa mbao wenye nakshi za pwani. Miembe ilitoa kivuli, ghala likahifadhi pembe za ndovu. Raha hiyo ilikuwa ya wachache. Watumwa nao walipitishwa hapa. Mvumbuzi Livingstone alikaa hapa mwaka 1872, na tembe alilokaa sasa ni makumbusho. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa misafara wakakosa mizigo.