Onyo la Tetemeko la Ardhi: "Mapema" ni Lini?

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri siku hizi ni ile ya mtambo unaowaonya watu juu ya tetemeko la ardhi. Baadhi yao huuita mtambo wa "utabiri wa tetemeko". Wengine husema "onyo la mapema". Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, kisha kuonyesha kwa nini jina la kwanza ni kosa, na la pili lataka uangalifu.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba hadi leo hakuna mtaalamu awezaye kutabiri siku, mahali na ukubwa wa tetemeko. Mtambo tunaouzungumzia hutoa habari za jambo lililokwisha anza. Miamba ikatikapo chini ya ardhi hutoa mawimbi ya namna mbili. Wimbi la awali huenda yapata kilomita 6 kwa sekunde, nalo aghalabu huwa hafifu. Wimbi la pili huenda yapata kilomita 3.5 kwa sekunde, nalo ndilo libomoalo nyumba. Vipimatetemeko vilivyo karibu na chanzo hunasa wimbi la awali, kompyuta hukadiria mahali na ukubwa, na onyo hupelekwa kwa redio na simu, upesi kuliko wimbi lolote la ardhini. Mfano wake ni umeme na ngurumo: aonaye umeme hujua kuwa ngurumo i njiani, lakini radi imekwisha piga.

Tuseme kazi ya kunasa na kukadiria imechukua sekunde 8. Mji ulio kilomita 100 kutoka kwenye chanzo hufikiwa na wimbi la pili baada ya sekunde 29 hivi. Wakazi wake wana sekunde 21 za kujikinga. Kijiji kilicho umbali wa kilomita 20 hufikiwa baada ya sekunde 6. Onyo hukikuta kimekwisha tikiswa. Basi waliohitaji onyo zaidi ndio wasiolipata.

Mifano halisi ipo. Mjini Mexico, tarehe 19 Septemba 2017, chanzo kilikuwa umbali wa kilomita 120 hivi, na ving'ora vililia karibu sawia na mtikisiko. Nchini Japani, ambako maonyo haya yalianza kutolewa kwa umma mwaka 2007, tetemeko la 11 Machi 2011 lilikadiriwa mwanzoni kuwa dogo kuliko lilivyokuwa. Sendai ilionywa, lakini onyo la kwanza kwa umma halikuihusisha Tokyo. Tarehe 5 Januari 2018 matetemeko mawili ya wakati mmoja yalihesabiwa kuwa moja kubwa, na watu wakaonywa bure.

Sasa turudi kwenye maneno. Kutabiri ni kusema jambo kabla halijatokea. Hapa limekwisha tokea. Neno "mapema" nalo humpa msikilizaji nafasi: msafiri aliyefika kituoni mapema hupata muda wa kuketi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa kabla hakijafika pwani yetu. Hapo "onyo la mapema" ni sahihi kabisa. Sekunde 20 si mapema. Wajapani wenyewe hawakutumia neno hilo: jina la mtambo wao lina maana ya taarifa ya haraka na ya dharura juu ya tetemeko.

Jambo hili si la kuchagua maneno mazuri tu. Wakazi wa Kagera wanakumbuka tetemeko la 10 Septemba 2016. Mwalimu wa huko akisoma kwenye simu kwamba "tetemeko limetabiriwa", atawapanga watoto mstari ili watoke nje, nalo litawakuta mlangoni, chini ya matofali yaangukayo. Akisoma "Tetemeko limeanza. Ingieni chini ya madawati", atawahi. Kadhalika mtumishi wa serikali aandikaye "utabiri" katika taarifa yake huwaahidi wananchi jambo ambalo mtambo hauwezi kulitimiza.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Onyo la papo hapo: taarifa itolewayo baada ya tetemeko kuanza, kabla mtikisiko mkubwa haujafika mahali fulani.

Wimbi la awali: wimbi litangulialo na mengine yote kufuata, ambalo hunaswa ili onyo litolewe.

Wimbi la pili: wimbi lifuatalo, lenye mtikisiko mkubwa.

Eneo lisilowahiwa: eneo lililo karibu na chanzo, ambalo onyo haliwezi kulifikia kwa wakati.

Neno "tahadhari" libaki kwa kitendo cha msikilizaji: mtu huonywa, naye akachukua tahadhari. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa walimu wa jiografia, wanaombwa watuandikie kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.