Maana na asili ya neno 'smirk'

Katika Kiingereza cha leo, smirk ni tabasamu la majivuno au kejeli: tabasamu la mtu ajionaye mshindi, au afurahiaye kimyakimya kosa la mwenziwe. Hata hivyo, asili yake haikuwa na ubaya. Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla ya mwaka 1100, kitenzi smearcian kilimaanisha kutabasamu tu. Karibu na mwaka 1300 likajitokeza neno smile, nalo likatwaa maana njema. Smirk likaachiwa kejeli. Kwa hiyo, anayetaka kumsifu Mwingereza kwa uchangamfu wa uso wake hana budi kutumia smile. Akisema smirk, atakuwa amemshutumu kwa dharau.