Bibi wa Barazani, Mwalimu Wetu wa Kwanza

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kuwataja maulamaa wenye majina. Leo tunaomba ruhusa tumtaje mtu ambaye hakuandika kitabu wala hakupata kusikika nje ya mtaa wake: bibi yetu mzaa mama, aliyeishi na kufia Pangani. Ujasiri huu tumeupata katika hadithi ya Abu Huraira (R.A), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W). Alipofariki, Masahaba walimzika bila ya kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume (S.A.W) alipomkosa akamuulizia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia.

Pangani ni mji mdogo, pale mto unapoingia Bahari ya Hindi. Katika miaka ya 1970, wakati watu wakisubiri kivuko cha kwenda Bweni, sisi watoto tulikuwa barazani kwa Bibi baada ya Alasiri, kila mmoja na juzuu yake. Bibi aliketi kwenye jamvi, miguu ameinyoosha, akisuka ukili. Macho yake yalikuwa kwenye miyaa na masikio yake kwetu. Watoto kumi na watano wakisoma kwa sauti, kila mmoja mahali pake, yeye alimsikia kila mmoja. Hakuwa na bakora. Mikono yake ikisimama, tulijua kuna aliyekosea, na kila mmoja alirudi nyuma aya moja kwa tahadhari.

Ada ilikuwa ya Alhamisi, senti chache. Asiyekuwa nazo alileta nazi au kipande cha kuni, na yatima hakuulizwa kitu. Ukili aliousuka ukashonwa mikeka, na mikeka hiyo ndiyo iliyolipa mafuta ya taa na nauli yetu ya kwenda Tanga kuendelea na masomo. Hilo la nauli tulilijua baadaye sana.

Sasa tuseme lile lililotufanya tushike kalamu. Tuliporudi kutoka chuo kikuu katika miaka ya 1990, tukiwa na shahada na kanzu mpya, tulikaa barazani tukamsikiliza Bibi akiwasomesha watoto Suratul Fatiha. Ha ya kooni aliitoa kama ha ya neno hodi, na aini aliitamka kama alifu, kama walivyofanya wazee wengi wa mwambao ambao ndimi zao hazikuzoea herufi hizo. Tukamsahihisha pale pale, mbele ya watoto, tena kwa kurudia mara tatu kama tulivyofundishwa darasani. Mikono ya Bibi ikasimama. Kisha akasema, "Ahsante, baba," akaendelea kusuka.

Tangu siku ile hakusoma tena kwa sauti sisi tukiwa karibu. Tukija, alimwachia mwanafunzi mkubwa aongoze.

Kisheria, kusahihisha matamshi ya Fatiha si kosa, kwa kuwa Fatiha ni nguzo ya sala, na mwenye uwezo wa kujifunza anawajibika kujifunza. Lakini mafakihi hao hao wamemsamehe ambaye ulimi wake umeshindwa. Na Bi Aisha (R.A) amepokea kwamba anayeisoma Qur'ani kwa kutatizika, nayo ikiwa nzito kwake, ana malipo mawili. Hadithi hii tuliihifadhi kwa ajili ya mtihani, tukapata alama nzuri, kisha tukaenda Pangani tukaisahau. Radhi hatukumwomba. Tulingoja wakati mzuri, hata mauti yakatangulia.

Alipofariki, jirani wawili walishuhudia kwamba alitamka mara nyingi kuwa nyumba yake iwe wakfu wa chuo. Mji mzima ulifurahi. Sisi, kwa kuwa ndio tuliosoma, tuliitwa tuthibitishe. Ikabidi tuseme jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: Bibi hakuacha mali nyingine, na wasia hauvuki theluthi ila warithi wote waridhie, kwa mujibu wa hadithi mashuhuri ya Saad bin Abi Waqqas (R.A). Na mmoja wa warithi, mama yetu mdogo, alikuwa mjane anayeishi chumba cha uani na hana pengine pa kwenda. Yeye hakuridhia, nayo ni haki yake.

Wapo waliosema barazani, tena kwa sauti ya kutufikia, kwamba mjukuu aliyesomeshwa kwa mikeka ya bibi ndiye anayempunguzia bibi thawabu zake. Upande wa pili, wajomba zetu wakasema wanawake hawana fungu katika nyumba kwa kuwa waume zao waliwatunza. Hilo nalo tulilikataa. Aya ya 11 ya Suratun Nisaa imeweka wazi fungu la mtoto wa kike, wala haikubagua nyumba na shamba. Ukaka ule ulituchosha kwa wiki tatu. Mwishowe wazee na fundi mmoja walikadiria: chumba cha mbele na baraza vikawa theluthi, vikafanywa wakfu, na kilichobaki kikagawanywa mafungu sita, wajomba wawili wakachukua mawili mawili, mabinti wawili moja moja. Mama yetu akampa mdogo wake fungu lake.

Siku ya mazishi tulitangaza, kama ada na kama dini inavyotaka, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza siku ile. Baada ya mwezi akaja mtu mzima, mvuvi, akiwa na noti zilizofungwa katika kitambaa. Alisema hakudai bali anadaiwa: ada za Alhamisi za mwaka mzima, ambazo mama yake alimpa azipeleke naye akanunulia kashata. Tulimwambia Bibi bila shaka alikwisha msamehe. Akajibu kwamba hakumsikia akisema hivyo.

Tukazipokea. Theluthi ikaingia katika wakfu, na kilichobaki tukakigawa kwa mafungu yale yale sita. Fungu la mama mdogo halikutosha hata kilo ya mchele. Alilipokea kwa mikono miwili, akalia. Allah (S.W) amrehemu Bibi yetu, na atusamehe sisi.