Kwa nini kuomba ukumbushwe kunauma? ADHD na wanawake

Mfikirie dada anayeuza maharage sokoni Sumbawanga. Hesabu za debe na kisado anazipiga kichwani, kalamu haigusi. Ila kikao cha kikoba amekosa mara ya tatu, faini imeandikwa, na jana sufuria imeungua naye yuko palepale uani. Ukimuuliza kinachomuuma zaidi, hatataja faini. Anaona aibu kumwomba mdogo wake amkumbushe. "Mtu mzima nakumbushwa kama mtoto?"

Huyu ni wa mfano tu, lakini wa aina yake ni wengi. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo, huanza utotoni, na mchango wa urithi ni mkubwa: tafiti za mapacha zinaukadiria kuwa karibu asilimia 74. Jina linapotosha kidogo, maana watu husikia "hana umakini". Umakini upo, usukani wake ndio mgumu. Kinachoyumba hasa ni ile kumbukumbu fupi inayoshikilia jambo moja wakati mikono inafanya jingine. Ndiyo maana mtu huyohuyo anazama saa tatu kwenye mahesabu yanayomvutia, halafu anasahau sufuria ndani ya dakika kumi. Jirani akiona, anasema: mbona ya kwake anayakumbuka?

Lawama hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1902 daktari George Still, akihutubia madaktari wenzake London, alieleza watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia, akasema wana kasoro ya kujitawala kimaadili. Yaani tangu mwanzo jambo la ubongo lilivalishwa nguo ya tabia.

Kwa wasichana mambo huwa magumu zaidi kuonekana. Utotoni wavulana hugunduliwa kwa wingi, ila kwa watu wazima pengo hilo hupungua sana. Msichana mara nyingi haruki juu ya madawati, anaota ndoto kimya nyuma ya darasa. Halafu kwetu anafundishwa mapema kubeba: maji, wadogo zake, wageni. Anakua akijificha, anakagua kila kitu mara mbili, analala amechoka, na hakuna anayeiona kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye hatia. Hatia ina kazi yake: inakuambia umemkosea mtu, rekebisha. Amekosa kikao? Alipe faini, aombe radhi, yaishe. Lakini kuhitaji kukumbushwa hakujamkosea mtu, kwa hiyo hatia hiyo haina cha kurekebisha. Inazunguka tu kichwani, na inazunguka kwenye kumbukumbu ileile fupi ambayo tayari ni finyu. Matokeo yake anasahau zaidi, kisha anajilaumu zaidi.

Ukijikuta hapo, jiulize kwanza: nimemkosea nani? Kama jina linapatikana, tengeneza. Kama halipatikani, hapo una hitaji, na hitaji linaombwa. Omba kitu kidogo chenye saa yake: "Mdogo wangu, saa tisa na nusu nipigie, sema tu 'kikoba'." Ni rahisi kukubaliwa kuliko "nisaidie, nimeshindwa". Na wewe toa unachoweza. Yule dada akiwapigia wenzake mahesabu ya kikoba, nani atasema anawaegemea? Isitoshe, Ufipa kualika majirani shambani na kuwapa kinywaji baada ya kazi ni desturi ya zamani, na sijasikia aliyewaalika akiitwa mvivu.

Wapo pia wanaoona dalili zikizidi siku chache kabla ya hedhi, estrojeni inaposhuka. Inahusiana na dopamini, kemikali inayosaidia umakini. Ziandike tarehe hizo kwenye daftari, halafu siku hizo usijipangie vikao vitatu.

Ukitaka uchunguzi, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili. Utaulizwa kuhusu utoto wako, maana vigezo vinataka dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Nenda na mama au shangazi anayekukumbuka ukiwa mdogo, na ripoti za shule ya msingi kama bado zipo.